Mkorofi na Namba 20417

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi manyunyu yalishuka huku jua linawaka, mvua isiyojua inataka nini, na njia ya kutoka getini hadi stoo ya hospitali ilikuwa madimbwi matupu. Nilifika na viatu vya mpira miguuni na vya ofisini kwapani.

Shemeji yangu alikuwa ananisubiri mlangoni. Ni mume wa mdogo wangu, na ndiye fundi wa mashine wa hospitali yetu pamoja na vituo vyake vitatu. Watu wote humwita Spana. Siku nyingine angenipokea kwa maneno yake ya kila asubuhi, "Shikamoo msomi," kwa sababu mimi, mtunza stoo mwenye miaka hamsini na mmoja na wajukuu wawili, nasoma kompyuta darasa la jioni. Siku hiyo hakutania. Alinipa karatasi.

"Soma, shemeji. Mimi nimeisoma mara nne na bado sijaelewa nimefanya nini."

Ilikuwa barua ya Katibu wa hospitali. Ilisema kwamba kwa mujibu wa mtandao mpya, mashine ya oksijeni namba 20417 imeandikiwa matengenezo tisa ndani ya miezi mitatu, yote kwa saini ya fundi. Tena tarehe 3 Aprili mashine hiyohiyo ilitengenezwa Kituo cha Juu saa tisa alasiri, na hospitali kuu saa kumi. Fundi afike kikaoni leo saa nne kamili aeleze kwa nini asiachishwe kazi kwa kuandika matengenezo hewa.

"Mdogo wangu amejua?" niliuliza.

"Ameona barua. Hajalala. Amepiga pasi shati hili mara mbili." Alilivuta shati kifuani, halafu akaniangalia. "Shemeji, mimi hiyo 20417 siijui. Niambie ni nani."

"Ni mashine ya oksijeni."

"Zote ni za oksijeni. Ni Kobe? Ni Mluzi? Ni ile ya wodi ya tano? Mimi nafungua mfuniko, naona chujio limeziba, nasafisha, nafunga. Fomu inataka namba, najaza namba. Sikai kuzisoma kama barua za mchumba."

Nilimwambia aende akanywe chai, nitaangalia. Alipoondoka nikabadili viatu, nikakaa, maana mambo ya mtandao ule yote yalipita mikononi mwangu.

Nieleze. Zamani kila kituo kilikuwa na daftari lake la vifaa na kila kimoja kiliita vifaa vyake kilivyotaka. Hospitali kuu tuliita kwa wodi. Kituo cha Sokoni waliita kwa rangi. Kituo cha Juu, ambako sista mkuu wake ana ulimi wa mchongoma, waliita mashine majina kama watu: Kobe kwa sababu ni mzito, Mluzi kwa sababu anapiga mluzi akianza kazi, Mkorofi kwa sababu anazima bila kuaga. Sista aliyaandika majina hayo ubavuni mwa mashine kwa rangi ya kucha. Basi hospitali ilipounganisha kompyuta za sehemu zote nne, Katibu aliniita.

"Mama, wewe unasoma. Nataka kila kifaa kiwe na namba moja, kionekane mahali pamoja. Utatumia namba iliyogongwa kiwandani. Majina ya utani yafutwe."

Nikayafuta. Nilimpigia Sista kumwambia, akanijibu kwamba siku nikizaa mtoto nimwite 20417, kama nilivyomwita Mkorofi wake. Nilicheka, lakini moyoni nilimwona hana shule.

Ikabaki kazi moja. Vifaa vingi vilikuwa vimeandikwa mara mbili, maana mashine ikihama kutoka kituo hiki kwenda kile, kule ilikotoka hawakuifuta na kule ilikofika waliiandika upya. Mtandao wenyewe ulikuwa unanionyesha vitu viwili vyenye namba moja, kisha unauliza: Je, hiki ni kitu kimoja? Chini yake kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ijumaa ya mwisho ya Aprili nilikaa nikabonyeza Ndiyo mara arobaini na moja. Nilianza kwa sala, hilo nalisema kwa kweli. Lakini baada ya ile ya kumi niliacha hata kusoma, nikawa nabonyeza kama mtu anayechambua mchele huku anaangalia barabarani. Vitu mia nne na kumi na mbili vikawa mia tatu sabini na moja. Katibu alinipongeza mbele ya watu. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, nikamshukuru Mungu kwa kunisaidia kupunguza vitu arobaini na moja. Watu walisema amina bila kujua vitu gani, nami nikarudi kukaa kifua mbele.

Sasa nilifungua kompyuta nikaitafuta 20417. Ilikuwepo, moja, na matengenezo yake tisa yamejipanga. Chini kabisa kwa maandishi madogo: vitu viwili vimeunganishwa, cha wodi ya tano na cha Kituo cha Juu, na jina langu.

Nilipiga magoti. Nina gunia langu lililokunjwa kati ya maboksi ya glavu na ndoo za sabuni. Ndipo ninapoombea siku za kazi. Manesi wamezoea, wakinikuta wananizunguka tu na kuchukua glavu zao. Nikasema, "Mungu wangu, kama nimemchafulia jina mume wa mdogo wangu, nionyeshe wapi, na uharakishe kwa sababu kikao ni saa nne."

Nikiwa hapo nikamkumbuka Mwalimu wa jioni. Ni kijana wa umri wa kitindamimba wangu, ana kalamu sikioni saa zote. Jana yake aliuliza darasani nani alikuwa namba kumi na mbili kwenye orodha ya darasa lake la msingi. Watu wawili wakanyoosha mikono, dobi mmoja na mama mmoja anayeshona sare.

"Basi nyinyi ni mtu mmoja," alisema Mwalimu. "Nimewaunganisha. Dobi, kuanzia leo una mume."

Darasa lilianguka kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Kisha akasema namba peke yake haimtambulishi mtu wala kitu; uliza kwanza nani aliyeitoa, maana kila mtoaji anaanza kuhesabu kwake. Niliiandika kwa kalamu nyekundu nikaipigia mstari. Niliiandika vizuri sana, na haikunijia hata kidogo kwamba inanihusu.

Nikasema amina katikati ya sentensi, nikainuka.

Wodi ya tano mashine ilikuwa inafanya kazi kando ya kitanda cha bibi mmoja aliyekuwa amelala na mpira puani. Nilimwomba radhi nikachuchumaa nyuma ya mashine. Kibati kilisema 20417, na juu ya namba kulikuwa na alama ya kiwanda, mwewe mwenye mabawa wazi.

"Unatafuta nini huko, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Natafuta jina lake."

"Mimi nimelala naye siku tatu na hajanitajia."

Nikatoka hadi koridoni nikapiga simu Kituo cha Juu.

"Mama wa stoo," Sista alipokea. "Leo umetukumbuka. Au unakuja kunifutia na jina langu?"

"Sista, naomba uniangalizie Mkorofi."

"Mkorofi yupi tena? Uliniambia hapa hakuna Mkorofi, kuna namba."

"Sista, tafadhali. Spana wanataka kumfukuza kazi."

Utani ukakatika palepale. Nikasikia viatu vyake vikienda, mlango, kitu kizito kikisukumwa. "Haya. Kibati kinasema 20417."

"Juu ya namba kuna alama gani? Mwewe?"

"Nyota tatu."

"Una hakika si mwewe?"

"Mama, mwewe anajulikana, huku juu anatubebea vifaranga kila wiki. Hizi ni nyota. Tatu. Na ubavuni ameandikwa Mkorofi, rangi imepakwa mara mbili."

Viwanda viwili. Kila kimoja kilianza kuhesabu kwake, kila kimoja kilifika 20417, na mashine hizo zikaishia kwetu, moja chini na moja juu mlimani, mpaka mimi nilipozifungisha ndoa Ijumaa ile.

"Gari lenu la dawa linashuka leo?" nikauliza.

"Jumanne linashuka. Tunaondoka saa tatu na nusu."

"Mkorofi anatumika?"

"Amezima tangu jana, anamngojea mwenyewe Spana."

"Basi mpakie. Mlete mpaka mlango wa Katibu."

Nilirudi stoo mbiombio. Kwenye mtandao kuna kitufe cha kutenganisha. Nikakibonyeza, na 20417 ikagawanyika mbele ya macho yangu, matengenezo matano huku, manne kule. Moyo ukatulia. Kisha kikatokea kisanduku: Taja sababu. Kulikuwa na majibu matatu ya kuchagua. Hitilafu ya mtandao. Kosa la aliyeingiza. Nyingine.

Hapa nasema ukweli ingawa si mtamu. Nilikumbuka pongezi za Katibu. Nikakumbuka ile ruhusa yake ya kutoka kazini saa moja kabla ya wenzangu ili niwahi darasa. Nikakumbuka kanisa zima likisema amina. Na mtandao hauna mke wala mtoto wa kuaibika. Nikachagua hitilafu ya mtandao. Sikupiga magoti kwa hilo. Nilijua ningeambiwa nini.

Saa nne tulikuwa ofisini kwa Katibu. Yeye alikaa mezani na kompyuta yake; kulia kwake Metroni, mkuu wa manesi wote, mwanamke mnene mpole ambaye hasahau kitu; kushoto dereva mkuu, mwakilishi wa wafanyakazi. Spana alikaa kwenye benchi, kofia juu ya mapaja. Mimi nilikuwa nimeomba kuingia kama shahidi.

"Fundi," Katibu alianza, "saa tisa uko mlimani, saa kumi uko hapa."

"Nina pikipiki, bosi."

"Wewe una pikipiki. Mashine haina miguu."

Dereva akakohoa kuficha kicheko. Nikanyoosha mkono. "Katibu, ni mashine mbili. Ukifungua sasa utaziona mbili. Mtandao ulizichanganya."

Katibu akageukia kompyuta yake. Alisoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, polepole. "Imetenganishwa leo, saa tatu na dakika tano asubuhi. Sababu, hitilafu ya mtandao. Aliyetenganisha..." Akanitazama juu ya miwani. "Ni wewe, Mama."

"Ndiyo."

"Jana jioni nilikuwa na mashine moja na maelezo yasiyoingia akilini. Leo, saa moja kabla ya kikao, mtunza stoo, ambaye ni dada wa mke wa mtuhumiwa, ameingia kwenye mtandao na mashine zikawa mbili. Mtandao huu una vitu karibu mia nne. Hitilafu ikachagua mashine ya shemeji yako."

Hakuna aliyekohoa sasa. Niliona uso wa Spana ukibadilika; aliinama akaanza kugeuza kofia kama usukani. Nilikuwa nimekuja kumtoa shimoni na nilikuwa nimemrushia udongo juu. Kabla sijaingia alituhumiwa matengenezo hewa tu. Sasa ilionekana amepanga hila, tena na ukoo mzima.

Metroni aliniuliza kwa upole, "Mama, ilikuwaje?"

 Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba, neno moja tu, nalo lilikuwa "Haya."

"Haikuwa mtandao," nikasema. "Ni mimi. Mtandao uliniuliza kama ni kitu kimoja, nikasema ndiyo bila kwenda kuangalia. Niliona namba zinafanana. Nilibonyeza hivyo mara arobaini na moja siku ile, na Katibu ukanipongeza. Leo nimegundua, nikaona haya, nikausingizia mtandao. Fundi hakujua lolote, hata namba yenyewe hakuijua. Aliniuliza ni nani."

"Ni kweli," Spana akasema chini chini. "Niliuliza."

Katibu akavua miwani. "Na nitajuaje kwamba hili la sasa ndilo kweli na lile la saa tatu ndilo uongo?"

Ni swali halali. 

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kabla mtu hajasema ingia. Sista wa Kituo cha Juu aliingia kinyumenyume, anavuta kigari, na juu ya kigari mashine ya oksijeni imefungwa kwa khanga yake mwenyewe, matone ya mvua bado yako juu yake.

"Hamjambo. Samahani, Mkorofi hapendi ngazi." Akafungua khanga. "Nani alitaka kuona nyota?"

Ubavuni, kwa wekundu wa kung'aa, liliandikwa jina. Katibu alizunguka meza, akainama, akasoma kibati.  Alitoka, sisi sote nyuma yake, mpaka wodi ya tano. Bibi alikuwa macho.

"Leo nina wageni kuliko siku ya harusi yangu," akasema.

Katibu alichuchumaa na suruali yake nzuri akasoma kibati cha pili.  "Mwewe," akasema.

Tuliporudi ofisini, Metroni alimwomba Spana daftari lake la mfukoni, lile lenye mafuta ambalo hakuna aliyewahi kulitaka. Ukurasa wa Aprili ulikuwa na mistari miwili: tarehe 3, Mkorofi, waya; tarehe 3, wodi ya tano, chujio. Kurasa zote zilikuwa hivyo, majina ya Sista na wodi zetu, hakuna namba hata moja. Metroni alihesabu kwa kidole. Mkorofi matano, wa wodi ya tano manne.

"Chujio husafishwa kila wiki tatu," Metroni akamwambia Katibu. "Manne kwa miezi mitatu si uvivu wala hila. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na Mkorofi?" aliuliza dereva.

"Mkorofi ni Mkorofi," akasema Sista.

Katibu alichukua barua, akaandika juu yake kwa kalamu "Imefutwa", akaweka saini na tarehe, akampa Spana mkononi. "Fundi, nakuomba radhi. Nenda nayo nyumbani ukamwonyeshe mama watoto."

"Nitaibandika ukutani," Spana akasema, na hapo tu ndipo alipoinua uso akanitazama.  Akanitikisia kichwa kidogo. "Msomi," akasema, "umenipa asubuhi ndefu."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Mdogo wako sijui."

Wengine walicheka, Katibu hakucheka. Alikuwa amekaa tena mbele ya kompyuta. "Zilikuwa arobaini na moja. Moja tumeijua, zimebaki arobaini. Arobaini hizo zimeandikwa kwamba kila moja ni kitu kimoja, na huenda kati yake kuna mashine ambayo mgonjwa anaitegemea, na fundi akiitafuta atapelekwa kituo kingine. Niwaambie warudi kwenye madaftari?"

Sista akafungua mdomo, akamwangalia Spana, akaufunga. Naamini ndiyo mara ya kwanza.

"Wasirudi," nikasema. "Katibu, simamisha ruhusa yangu ya kutoka mapema ukitaka, Mwalimu nitamweleza mwenyewe. Lakini kazi hii usimpe mwingine."

"Ruhusa baki nayo. Nadhani unahitaji darasa zaidi, si pungufu." Akasukuma kompyuta kando. "Nataka kusikia utafanya nini. Nataka wasikie na hawa."

Nikasimama wima. Sista alizima simu yake. Dereva akavua kofia, sijui kwa nini, na Spana naye akaivua yake aliyokuwa ameivaa punde tu.

"Mbele yako Katibu," nikasema, "na mbele ya Metroni, na dereva, na Sista, na shemeji yangu niliyemkosea, na Mungu anasikia: kabla Juni haijaisha nitakwenda mwenyewe kwenye kila kifaa cha zile arobaini, vikiwa themanini nitakwenda themanini. Nitasoma alama ya kiwanda, nitasoma namba, nitamuuliza anayekitumia anakiitaje, na nitaandika vyote vitatu, hata jina liwe la rangi ya kucha. Na kile ambacho sijakiona kwa macho yangu, mtandao ukiniuliza mara mia, sitasema ndiyo."